Nilivyouzima Msumeno wa Papa

Nianze na ujinga wenyewe, ili usije ukanionea huruma bure huko mbele: mi njo niliweka nailoni ndani ya kifuniko cha tangi la msumeno wa Papa, baba yangu. Hakuna shetani aliyenituma, ingawa pasta wetu angefurahi kumtwisha mzigo huo. Niliikata kwa wembe, duara safi, nikaisukuma mpaka ndani ya kifuniko kwa kidole gumba, nikafunga, nikajipangusa mikono kwa kaptura na kwenda kulala nikijisifu.

Sababu nilikuwa nayo. Mama anauza mafuta ya mawese sokoni hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, yale mekundu ya kwetu Kongo, na chupa zake hazivuji hata ukizigeuza kichwa chini, kwa kuwa kabla ya kufunga anatia kipande cha nailoni chini ya kifuniko. Watu wa Uvira na Fizi wote wanafanya hivyo. Mtu wa kwetu akikuuzia mafuta bila nailoni, ujue amekudharau. Sasa ule msumeno ulikuwa unavuja petroli kila tulipoulaza kwenye gunia, na Jumamosi moja dereva wa matola, yaani pikapu ya abiria, alitaka kumshusha Papa njiani kwa sababu ya harufu. Papa alilalamika wiki nzima. Nikafikiri: hapa ndipo nitaonekana.

Msumeno huo ni wa mashine, wa kukatia miti. Papa anauita tronsonezi, Wamalawi wanauita chenso, na jirani zetu wanauita kwaya ya wababa, kwa sababu ya sauti. Papa aliununua ukiwa tayari mzee, kifuniko kikiwa na mkwaruzo na kamba ya kuwashia ikiwa na mafundo mawili, lakini hata siku moja hajawahi kuuita mzee. Mi ananiita mvivu mbele ya wageni. Msumeno anaupangusa kwa kitambaa cha pamba.

Ila Papa na msumeno wake sikuwaonea wivu. Niliyemwonea wivu alikuwa na miguu.

Mtoto wa baba mdogo alifika kutoka Uvira miezi minane nyuma, na begi moja la mgongoni. Ananizidi miezi kumi na mmoja. Kwa sababu ya hiyo miezi kumi na mmoja Mama aliamuru nimwite yaya, yaani kaka mkubwa, kama vile ni ndugu yangu wa tumbo moja aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Hakuleta hata kipande cha sabuni, lakini alileta adabu, na nyumbani kwetu adabu ilikuwa imeadimika tangu nizaliwe. Anaamka kabla ya jogoo. Anachota maji bila kutumwa. Anaimba tena kwenye kwaya, sauti ya juu ile, mpaka akina mama wa safu ya mbele wanafumba macho. Mi pasta aliniondoa kwenye kwaya kwa sababu nilikuwa nabadilisha maneno ya nyimbo, na sitayaandika hapa kwa kuwa Mama anajua kusoma.

Siku Mama alipochinja kuku ndipo nilipojua mambo yameharibika. Firigisi ni ya baba wa nyumba. Hiyo haina mjadala. Miaka kumi na sita nimeitazama ile firigisi ikipita mbele yangu kwenda kwenye sahani ya Papa, na nilikuwa nimekubali, nikijua kwamba siku moja nami nitakuwa baba wa mtu. Siku hiyo Papa aliichukua kwa vidole vyake mwenyewe, akaiweka juu ya nsima ya yaya, ule ugali wa Malawi. "Kula, we umetoka mbali," akamwambia. Mbali! Mi nimetoka tumboni mwa mkewe, na sijapewa hata shingo.

Halafu zikaja Jumamosi. Papa alikuwa anapata kazi ya kukata miti Lilongwe, na kutoka kambini si kama kutoka chooni: inatakiwa karatasi ya ruhusa, na karatasi ya Papa ilikuwa na nafasi ya msaidizi mmoja. Jumamosi tano mfululizo msaidizi akawa yaya. Anarudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, anasimulia nyumba za Area 47 zenye mageti yanayojifungua yenyewe, mbwa wanaooshwa kwa shampuu, duka linalouza mikate peke yake. Anasimulia vibaya, hana ucheshi hata kidogo, na bado watoto wote wa mtaa wanamzunguka. Hadithi zile zingekuwa mdomoni mwangu, Jumatatu shule nzima ingejikojolea kwa kucheka. Zilikuwa zinapotea bure kabisa.

Wiki ya sita Papa akapata mti mkubwa, akaomba nafasi ya wasaidizi wawili kwa siku hiyo moja. Ijumaa jioni alituita wote, akasema wazi bila kuzunguka:

"Sikieni. Kazi iko mingi mpaka mwezi uishe. Lakini kesho njo mara ya kwanza na ya mwisho tunaenda batatu. Nitaangalia. Mwenye atafanya vizuri, njo atakuwa ananifuata kila Jumamosi. Mwenye atabaki, asinililie."

Alimwangalia yaya kwanza, kisha mimi, kisha yaya tena. Nilihesabu.

Basi yaya akakaa uani, akafungua chujio la hewa la msumeno, akaliosha kwa petroli, akalikausha, akanoa cheni jino kwa jino. Mimi nikangoja alale. Hapo ndipo nailoni.

Asubuhi kwenye matola Papa alinusa gunia, akanusa tena.

"Leo hainuke. Nani alifunga hii mashine?"

Nikafungua mdomo. Vumbi la njia likaingia, nikakohoa. Yaya akajibu:

"Ni mi, papa mukubwa. Nilikaza kifuniko sana asubuhi."

"Njo akili ile," Papa akasema, akampiga bega.

Na hakusema uongo, shida njo ile. Alikuwa amekaza kweli, alfajiri, juu ya nailoni yangu asiyoijua. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka. Yaya akanipatia maji yake. Niliyanywa yote kwa makusudi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama Mmalawi mwenye miwani ya kamba. Mti ulikuwa bulugamu, yaani mkaratusi, mrefu nyuma ya jiko lake la nje, umeinamia paa kama mtu anayechungulia sufuria. Papa alitaka uangukie upande mwingine, kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa. Yaya alipanda akafunga kamba juu, kwa sababu bila shaka anajua pia kupanda miti, na mimi nikapewa kazi ya kukaa mbali. Getini alikuwepo mwenye kabaza mmoja, amelaza baiskeli yake kivulini akingoja abiria, na akageuka mtazamaji.

Papa alivuta kamba ya msumeno mara tatu, ukawaka. Akaanza kukata mdomo, yaani pengo la kuuelekeza mti, upande wa shamba, vumbi la mbao likiruka jeupe. Nilihesabu kama muda wa kuimba ubeti mmoja na kiitikio chake. Msumeno ukakohoa, ukashuka sauti, ukazimika.

"Esansi," Papa akasema, yaani petroli imeisha. Akafungua kifuniko, akachungulia. Tangi lilikuwa karibu kujaa. Akafunga, akavuta kamba, ukawaka mara moja. Akacheka. Ubeti mmoja, kiitikio, kikohozi, kimya.

Mara hii hakufungua tangi. Alivuta tu kamba. Ukawaka, ukatoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa, ukafa hapohapo. Akavuta tena, ukafa tena.

"Filtre," Papa akasema, na jicho lake likaenda kwa yaya. "Uliiosha na nini?"

"Na esansi, papa mukubwa. Na nilikausha."

"Leta tuone."

Yaya akalitoa chujio, akaligonga gotini, akalipuliza, akalishika juu kwenye jua. Lilikuwa safi kuliko shati langu la shule. Wakarudisha. Papa akavuta, ukawaka, ukafa.

Mwenye kabaza akasogea hatua mbili. "Ndi pulagi imeneyo," akatangaza, kama daktari. Papa Kichewa chake ni cha salamu na bei tu, lakini pulagi aliielewa, sisi tunaiita buji. Akaifungua. Ilikuwa kavu, rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa kuwa. Akaisugua kwa msasa hata hivyo, ili mwenye kabaza asijisikie vibaya. Ukawaka, ukafa.

"Petulo yoipa," mwenye kabaza akaanza upya, na hapo nilielewa kwamba mtu akikaa getini muda mrefu anakuwa fundi wa kila kitu. Lakini Papa alikubali kwamba huenda petroli ni mbaya. Akafungua tangi, akamwaga yote kwenye chupa, akatia ile ya akiba aliyoichanganya na oili mwenyewe. Akafunga. Akavuta. Msumeno ukaimba! Papa akapiga haleluya ya kweli, akamaliza kukata mdomo, akahamia upande wa nyuma, akaingiza cheni mpaka robo, mpaka karibu nusu ya shina.

Ukazimika.

Sasa ujue kwamba mti uliokatwa nusu si mti tena. Ni kitu kilichokasirika. Upepo mdogo ulipita, na shina likatoa mlio mwembamba, kwiii, kama mlango wa choo cha shule. Mama mwenye nyumba alitoka na kuanza kuhamisha masufuria yake kutoka jikoni, moja moja, na hilo lilimuumiza Papa kuliko matusi. Alipomaliza masufuria akauliza kwa upole:

"Kodi chenso yagona?"

Papa akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anauliza kama msumeno umelala."

"Mwambie unapumzika."

Papa akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ndogo za kabireta, hii kulia, hii kushoto. Msumeno ukawaka ukipiga kelele za kuchinjwa, ukafa. Akazirudisha. Jasho lilikuwa linamtoka masikioni. Kisha akafanya kile wanachofanya wababa wote mashine inapowashinda: akatafuta mtu.

"Jana ulifunguafungua nini ku hii mashine?"

"Filtre tu, papa mukubwa," yaya akajibu.

"Tu! Hii tu yako njo imeua mashine. Nilikuachia iko muzima, sasa ona. Muti uko nusu, hii nyumba ya batu ikivunjika nitasema nini? Jumamosi inayokuja utabaki nyumbani. Unasikia?"

"Ndiyo, papa mukubwa."

Hakujitetea. Alishika tu kamba ya mti kwa mikono miwili, akaivuta upande wa shamba, kama kwamba yeye peke yake anaweza kuuzuia mti usianguke kwenye jiko.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, halafu aibu ikapita nikafurahi tena. Nilijiona kwenye matola Jumamosi zote za dunia. Niliona lile duka la mikate. Nikajiambia hata firigisi inaweza kurudi njia yake.

Papa akafungua tangi kwa mara nyingine, bila sababu, kama mtu anavyofungua kabati akijua hakuna chakula. Na nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia: *ssss*. Kidogo sana. Hewa haikuwa inatoka. Ilikuwa inaingia, mashine inavuta pumzi. Papa akafunga, akavuta kamba, ukawaka vizuri, muda wa ubeti, ukafa.

Kila alipofungua kifuniko, msumeno uliimba. Asipofungua, ulikufa palepale.

Kwenye fizikia mimi hupata alama ambazo mwalimu anazisoma mwisho ili darasa lichangamke. Lakini jeriken ya mawese naijua. Ikiwa imejaa, ukiinamisha bila kutoboa tundu la pili juu, mafuta yanatoka gulp, gulp, halafu yanagoma, na jeriken inabonyea mbavu kama imefunga kula siku tatu. Inataka hewa iingie mahali mafuta yalipotoka. Papa akafungua tena, na kabla hajafunga nikakitazama kifuniko mkononi mwake. Katikati yake kulikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano, ambacho usiku nilidhani ndicho kinachovujisha, na kwa upande wa ndani nilikuwa nimekiziba mwenyewe, kwa duara safi, kwa wembe. Nailoni ikishalowa petroli haionekani. Inalala kama ngozi ya kitu chenyewe. Papa alikuwa ameishika mara nne.

 Mtu mwema angesema palepale. Mi nilifikiri kwanza.

"Papa," nikasema, "nipe nijaribu."

"We? Mwenye uliniangushia mashine ku mguu?"

"Ni mambo ya fizikia, Papa. Tulisoma."

Alikuwa amechoka kiasi cha kuniamini. Akanipa. Nikaubeba msumeno mpaka nyuma ya tangi la maji, karibu na uzio wa mabati, nikapiga magoti, nikafungua kifuniko, nikaitoa nailoni kwa ukucha na kuitupa nyuma yangu kwenye majani. Kazi ya sekunde nne. Lakini fundi wa sekunde nne hasifiwi, kwa hiyo nilikaa. Nilipuliza huku na huku. Niligonga injini kwa bisibisi mara tatu. Niliweka sikio kwenye tangi. Nilirudi kwa hatua za polepole, nikamwambia Papa kwa sauti nzito niliyoazima kwa mtangazaji wa redio:

"Hewa chafu iliingia ku mishipa. Nimeitoa."

Mwenye kabaza akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amefikiri hivyohivyo.

Papa alivuta. Msumeno ukawaka, ukaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, cheni ikaingia shinani, yaya akavuta kamba mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na bulugamu ukapiga kelele ndefu, ukageuka, ukalala kwenye shamba la mahindi mbali na jiko. Ardhi ikaruka. Mama mwenye nyumba akapiga makofi, akashukuru. "Zikomo, zikomo kwambiri!" Papa akanielekezea kidole, na mama yule akaingia ndani akatoka na Fanta moja, baridi, akaniwekea mkononi mimi fundi.

Niliinywa mbele ya yaya. Alikuwa anakusanya matawi, utomvu umemganda mikononi, mwenye matawi ni yeye sasa. Nilikusudia kumwachia nusu. Nilimwachia chupa airudishe.

Jioni kwenye matola Papa alikaa mbele na dereva, nikamsikia kupitia kioo kilichovunjika anasimulia habari zangu kwa Kichewa cha salamu na bei, mikono ikimsaidia. Mi na yaya tulikaa nyuma juu ya magunia, msumeno katikati. Tulipoiacha lami akaniinamia sikioni.

"Ile nailoni," akasema, "uliitupa pale kweli? Mbuzi yao ikiikula itakufa."



"Nailoni gani?"

"Ile ya mama mukubwa. Ya chupa za mawese. Nilikuwa nyuma ya ile mabati, nimefuata kamba ya pili. Nilikuona."

Nikangoja tusi. Nikangoja ngumi, ana ngumi nzuri. Alikuwa anakwangua utomvu kiganjani.

"Sasa mbona haukusema?" nikauliza. "Papa alikutukana mbele ya batu. Amekuondoa ku kazi."

"Ningesema nini? Papa mukubwa alikuwa anacheka na we. Tangu nifike, sijamuonaka anacheka na we vile."

Halafu akaendelea na kiganja chake.

Nilimchukia kwa moyo wote. Najua haikutakiwa iwe hivyo. Kwenye mahubiri, hapo ndipo mwovu anavunjika moyo na kulia. Mi nilikuwa na wivu tu, wivu mpya, mbaya kuliko wa firigisi. Ningeweza kumshinda kwa mti. Ningeweza kumshinda kwa maneno nikiwa nimefungwa mdomo. Lakini sasa alikuwa na kitu changu mfukoni mwake, siri yangu mwenyewe, na kila siku atakayoinyamazia atakuwa mwema zaidi na mimi mdogo zaidi, bila hata kujitahidi. Ningemwita yaya mpaka uzeeni na ningedaiwa kulimaanisha neno hilo.

Tulifika jua lingalipo. Mama alikuwa ameweka nsima na ndagala, dagaa wa kwetu, akatuletea maji ya kunawa. Papa hakusubiri hata kunawa.

"Mama, mutoto wako ni docteur! Mashine ilikufa, ilikufa kabisa. Mi nimefungua filtre, nimefungua buji, nimebadilisha esansi, hapana. Huyu anakuja, anaweka sikio, hivi," Papa akaweka sikio kwenye birika, "anasema, Papa, hewa chafu. Tii! Mashine inalia!"

Kwenye hadithi yake nilikuwa nimegonga mara saba, na mama mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti. Mama alinitazama jinsi ambavyo sijawahi kutazamwa sufuria ikiwa karibu. Akachukua kijiko, akaniongezea ndagala. Akamgeukia yaya.

"Ni kweli, mutoto wangu?"

"Ni kweli, mama mukubwa," yaya akajibu. "Alifanya muzuri sana."

Kijiko cha pili cha ndagala kilikuwa njiani. Sikuweza kuvumilia.

"Ni mi niliiharibu," nikasema.

Kijiko kikasimama.

"Niliharibu mashine. Usiku wa jana. Niliweka nailoni ku kifuniko, kama zile za mawese, isivuje. Ikaziba hewa. Pale nyuma ya tangi ya maji nilitoa nailoni tu. Hakuna mishipa, hakuna hewa chafu. Na yaya alijua, aliniona, na hakusema, na sitaki anifichie kitu! Nani alimuomba?"

Ile sentensi ya mwisho ilitoka kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu aliyeibiwa. Papa alimtazama yaya.

"We ulijua?"

"Ndiyo, papa mukubwa."

"Nikakutukana, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

 Nilitayarisha mgongo. Lakini Papa hakuinuka.

"Ile kifuniko," akasema polepole, "niliishika mikononi mwangu." Akanawa, akafinyanga tonge, akalirudisha. "Jumamosi ataenda yeye. Na ingine. Na ingine tena. We sijue. Labda mwaka mwingine, kama miti ingali iko."

Akala. Yaya akala macho chini. Hakufurahi, nilimchunguza vizuri. Hata hilo alininyima.

Baadaye nilitoka uani, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikijisemea maneno yale ya kwaya. Mama akaja na beseni la chupa tupu na matambara ya kuzioshea. Nikajua yanakuja mahubiri: uongo, Kaini na Abeli, moto. Nikamwahi.

"Najua, Mama. Wivu ni mubaya."

Mama akaweka beseni katikati ya miguu yangu, akashika kiuno, akatazama upande ambao matola zinatokea, akasema:

"Mi Lilongwe nimeionaka mara mbili tu, na zote mbili ku dirisha ya ambulansi, nikiwa nimelala. Niliona vichwa vya miti. Nani alikuambia ku hii nyumba ni we peke yako uko na wivu? Osha."